Kidole cha Kokushubila

Mfumo uliletwa Muleba wakati kahawa imekwisha kuanikwa. Huo ndio wakati wakubwa waliouona unafaa. Miezi yote ya mvua, karani alipokuwa anasinzia mlangoni na kuku wanatembea juu ya mizani, hawakuuleta. Walingoja mpaka kila nyumba ina magunia barazani na kila mzazi ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, ndipo gari jeupe la Shirika la Rweya likaja kutoka Bukoba. Likashusha kishikwambi kimoja, kisanduku cha kusoma vidole, na fulana za kijani zilizoandikwa TWENDE KIDIJITI. Halafu likapakia madaftari yote ya kituo.

"Mnayapeleka wapi?" aliuliza Evarist, karani wa kituo.

"Makao makuu. Hamyahitaji tena."

"Na huu mfumo ukigoma?"

"Haugomi," alijibu yule aliyemjibu, ambaye alikuwa dereva.

Shirika la Rweya lilikuwa kubwa. Lilinunua kahawa na chai, lilikuwa na malori, maghala, maduka ya mbolea, na wafanyakazi mkoa mzima. Sasa walitaka mfumo mmoja ushike vyote hivyo, kuanzia gunia la mkulima mpaka mshahara wa mkurugenzi na mafuta ya gari lake. Si jambo baya. Hata mwenye kioski anataka kujua nini kimeingia na nini kimetoka. Lakini mafunzo yalifanyikia hotelini Bukoba, ufukweni, na waliofundishwa ni wakuu wa idara. Makarani wa vituo, ambao ndio wangekibonyeza hicho kishikwambi, walitumiwa video kwenye simu. Simu ya Evarist ilikuwa imejaa. Video haikufunguka.

Asubuhi ya kwanza foleni ilifika mpaka barabarani. Kaijage alikuja akisukuma baiskeli yenye magunia mawili, moja kubwa na moja dogo. Dogo lilikuwa limefungwa kwa kitambaa chekundu ili yasichanganywe. Kila mtu pale alijua kile kitambaa.

Gunia dogo lilikuwa la mkewe, Edvina Kokushubila. Alipoolewa alikuja na miche ya kahawa kutoka kwao Kashozi, ameifunga kwenye majani ya mgomba kama mtu aliyebeba mtoto, akaipanda mwenyewe chini kabisa ya kibanja, shamba la migomba la ukoo, pale migomba inapokwisha na nyasi kuanza. Kaijage akasema mbele ya ndugu zake, hii ni yake. Ukoo ulinung'unika. Mwanamke ana miti yake ndani ya kibanja cha watu? Kaijage akawaacha wanung'unike. Kokushubila akawa na jina lake kituoni, akaitwa kwa jina lake, akapokea fedha yake mkononi, na alipokuwa akiipokea alikuwa anacheka bila kufunika mdomo.

Alipofariki walimzika humo humo kibanjani, hatua chache juu ya miti yake. Msimu uliofuata Kaijage akaileta kahawa yake kama kawaida. Evarist, akisoma daftari bila kufikiri, akaita kwa sauti, "Edvina Kokushubila!" Watu wote wakaangalia chini. Kaijage akajibu, "Yupo kibanjani," akaliweka gunia kwenye mizani.

Tangu hapo ikawa hivyo. Msimu hadi msimu Evarist anaita, Kaijage anajibu, gunia linapimwa. Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyejua kwamba Kaijage alikuwa akianza kuungoja mwito ule tangu kahawa inapotoa maua. Nyumba ya mgane haina kuitana. Binti yao wa pekee, Joyness, alikuwa Bukoba, tena akipiga simu haongelei mama, anaongelea hali ya hewa. Jina la Kokushubila lilikuwa limebaki na mdomo mmoja tu wa kulitamka kwa sauti, nao ulikuwa mdomo wa karani.

Asubuhi ile hakuna aliyeitwa. Mtu alisogea, akaweka kidole juu ya kioo, akangoja. Vidole vya kupalilia na kumenya ndizi havikusomeka. Watu walivifuta kwenye nguo, wakavitemea mate, wakavisugua ukutani. Kijana mmoja wa fulana ya kijani aliyetumwa kutoka makao makuu, jina lake Najibu, alikuwa anasema, "Bonyeza vizuri, mama. Sio kwa nguvu. Vizuri."

Penina, mke wa jirani yake Kaijage, aliweka kidole. Kishikwambi kikakataa.

"Hupo," Najibu alimwambia.

"Sipo vipi?"

"Hupo kwenye mfumo. Yupo mumeo."

"Mimi sipo?" Penina aliwageukia wenzake. "Jamani, sipo! Na hii kahawa imebebwa na nani, shetani?"

Aliyemfuata naye hakuwemo. Na wa nyuma yake. Wanawake wa foleni ile, mmoja baada ya mwingine, waliambiwa hawapo, wapo waume zao, au shemeji, au mwenye duka wa jirani. Wengine walicheka, wengine wakaanza kutukana kwa Kihaya. "Ta Kaijage," Penina alimwita, "naona tumekufa wote. Tunamfuata mkeo. Tumpelekee salamu gani?"

"Mwambie nachelewa," Kaijage alisema, na watu wakacheka, naye akacheka kidogo.

Ilipofika zamu yake gunia kubwa lilipita. Akaliinua dogo. Evarist alikitazama kishikwambi muda mrefu, kisha akamtazama rafiki yake kwa macho ya mtu aliyeagizwa kupeleka habari za msiba.

"Ta Kaijage, waitu, Ma Edvina hamo."

"Mtafute vizuri."

"Nimemtafuta. Kuna wewe tu. Na hata angekuwemo, kitu hiki kinataka kidole."

Najibu akaingilia, maana foleni ilikuwa inapiga kelele na mawingu yalikuwa yanashuka. "Mzee, changanya tu na yako. Fedha si zinaingia mfuko mmoja?"

Kaijage akamwangalia. "Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Mvua ikaanza. Hakukuwa na paa la kutosha, kwa sababu zamani watu waliitwa haraka na kuondoka haraka, na hakuna aliyewahi kuhitaji kusimama pale mpaka mchana. Magunia yalilowa. Kaijage alilifunga tena gunia dogo kwenye baiskeli, akavua koti lake akalifunika, akarudi nalo nyumbani huku maji yanamtiririka mgongoni. Evarist alisimama mlangoni kama anataka kuita kitu. Hakuwa na daftari la kuitia.

* * *

Siku iliyofuata Kaijage alipanda gari la asubuhi kwenda Bukoba, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya binti yake. Joyness alifanya kazi makao makuu ya Shirika, na Kaijage aliona kwamba kama kuna mtu wa kumuuliza, ni huyo. Hakumpigia simu. Mtu hapigi simu kwenda kwa mtoto wake.

Getini kulikuwa na turubai, maputo, na spika zinazopiga muziki. Ilikuwa siku ya uzinduzi.

"Una miadi na nani, mzee?" mlinzi aliuliza.

"Na mwanangu."

"Jina?"

"Joyness."

"Idara?"

Kaijage hakujua idara. Mlinzi aliutazama mkungu, akatazama kandambili zake, akamwambia asubiri nyuma, karibu na jiko, ili magari ya wageni yapite. "Na ndizi hizo usizilaze hapo, zitachafua zulia."

Alisimama nyuma mpaka wageni wakaja upande ule kuoneshwa chumba cha mitambo. Joyness alikuwa katikati yao, kitambulisho kinaning'inia shingoni, viatu vyake vinagonga sakafu. Alimwona baba yake. Kwao mtoto wa kike humsalimu baba kwa kupiga magoti, na magoti ya Joyness yalianza kweli kukunjika, Kaijage aliyaona. Kisha yakanyooka.

"Shikamoo," alisema amesimama.

"Marahaba."

"Nani huyu?" aliuliza mkurugenzi, Bwana Byabato, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kanisani.

Joyness akajibu, "Ni mkulima wetu. Kutoka Muleba."

"Mkulima! Safi kabisa! Ndio tuliokuwa tunawakosa." Byabato akamshika Kaijage bega, akaagiza fulana. Wakamvisha juu ya shati, ikambana kwapani. Mpiga picha akachuchumaa. "Mzee, waambie wageni, mfumo mmeupokeaje huko?"

Kaijage alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama maputo.

"Umempoteza mke wangu," alisema.

Watu wakacheka vizuri, kama wanavyocheka watu walioshiba. Byabato naye akacheka. "Ndiyo, kuna akina mama wachache wamejificha kidogo kwenye majina ya waume zao. Changamoto ndogo ndogo. Aje kituoni na kidole chake, atarudishwa."

"Hana kidole."

"Ana ulemavu?"

"Amefariki."

Spika ziliendelea. Byabato akatoa mkono wake begani taratibu, akajiweka sawa koti. "Pole sana, mzee. Pole sana." Halafu, kwa kuwa kamera ilikuwa bado inawaka na mtu wa namna yake haachi jambo liishie vibaya, akaongeza, "Lakini hapo sasa mfumo umefanya kazi yake, au sio? Hatuwezi kuwalipa marehemu." Wageni wakatikisa vichwa. Ni kweli, wakasema. Huko serikalini walilipwa marehemu miaka mingapi. Wakaenda kwenye keki.

Joyness alienda nao.

* * *

Kule jikoni mtu mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda anakunywa chai ya rangi, amejitenga na sherehe. Alikuwa Riyadhi, fundi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kuufunga huo mfumo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimsogezea Kaijage kreti nyingine.

"Kaa, mzee. Nimekusikia pale."

Kaijage akakaa, akaanza kuivua fulana. Ilimgomea shingoni. Riyadhi akamsaidia kuitoa.

"Mzee, mfumo kama huu hauanzii kwenye kompyuta," Riyadhi alisema, kama mtu ambaye amekuwa akitafuta wa kumwambia. "Unaanzia kwa watu. Unaenda kituoni, unakaa na karani, unaangalia anavyofanya. Nani analeta, nani anaitwa, nani anapokea. Niliwaambia tuanze na kituo kimoja, tena wakati hakuna kahawa. Daftari na mfumo viende pamoja msimu mzima, kimoja kikikosea kingine kiseme. Ndivyo inavyofanyika popote."

"Wakasemaje?"

"Wakasema mkutano mkuu ni mwezi huu. Bwana Byabato alishawaahidi wageni."

"Na hawa wanawake?"

Riyadhi akacheka bila furaha. "Majina yalikuwa mengi, mengine yanafanana. Wakataka yapunguzwe. Wakasema majina yote yenye namba moja ya simu ni mtu mmoja, aliyejirudia. Nikawauliza, huko vijijini kila mtu ana simu yake? Wakaitikia wote, ndiyo."

Kaijage alifikiria simu yake, iliyokuwa inapokea habari za nyumba nne. Ya Penina ilikuwa ya mumewe. Ya mume ilikuwa imeharibika kioo, walisomewa na mwenye duka. Na Kokushubila tangu uhai wake hakutaka simu. Alisema anayemtaka amfuate.

"Nani aliitikia?"

"Wakuu wa idara."

"Na wasio wakuu?"

"Hawakualikwa, mzee."

"Na wewe ukakubali."

Riyadhi akatazama ndani ya kikombe. "Ningekataa wangemwita mwingine."

Ndivyo wanavyosema wote. Mkubwa anasema aliahidi, fundi anasema angeitwa mwingine, mlinzi anasema ni maagizo, na jambo linatendeka bila kuwa na mtendaji, kama mvua.

"Lakini marehemu mfumo unaweza kumbeba," Riyadhi aliendelea. "Jina linabaki, na msimamizi wa mirathi anaandikwa pembeni. Nafasi hiyo ipo. Ila inataka watu waende vijijini kuuliza nani amefariki na nani anasimamia. Kazi hiyo waliifuta kwenye bajeti. Wakabakiza turubai."

"Nani alibonyeza?"

"Kubonyeza nini?"

"Kumwondoa mke wangu. Kuna mtu alibonyeza."

"Ah, kila mtu pale ofisini alipewa eneo lake. Bukoba mjini alipewa mmoja, Missenyi mwingine." Riyadhi akapuliza chai yake. "Muleba alipewa yule dada aliyekuwa na wageni. Joyness. Hodari sana yule, alimaliza wa kwanza."

* * *

Chumba cha Joyness kilikuwa mtaa wa Hamugembe, nyuma ya nyumba ya mtu, na migomba ya mwenye nyumba ilikuwa inagusa dirisha. Alirudi jioni, akamkuta baba yake amekaa kwenye kizingiti na mkungu wake, watoto wa majirani wanamwangalia. Alifungua mlango, akamwingiza, akaufunga. Kisha akapiga magoti kwenye simenti, akatoa mikono yote miwili.

"Tata."

Kaijage hakuipokea mikono mara moja. "Sasa unapiga magoti."

"Tata, pale kulikuwa na watu."

"Na hapa kuna nani?"

Joyness alinyanyuka akamenya ndizi. Alizipika kwa maharage, kama mama yake, ila aliweka kitunguu kingi, na baba yake alikula kidogo kidogo akivisogeza vitunguu pembeni ya sahani. Joyness aliona. Mama yake hakuwahi kuweka vitunguu. Alikuwa amesahau.

"Walikupa Muleba," Kaijage alisema.

Kijiko cha Joyness kikasimama.

"Yule kijana wa Dar kaniambia. Hajui kama mimi ni baba yako. Hakuna ajuaye pale, nimeona."

"Tata, yalikuwa majina mengi. Bwana Byabato alikuwa anasimama nyuma ya viti vyetu. Kila baada ya muda anauliza, tumefika ngapi? Inatokea namba ya simu, chini yake majina, na pale pembeni imeandikwa UNGANISHA. Unabonyeza. Inakuja nyingine. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na aliyechelewa alijua asingeongezewa."

"Sijauliza mkataba."

"Unauliza nini?"

"Uliliona?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaitwa akaoge, na alikuwa anakataa. Joyness alisikiliza mpaka mtoto akaingia ndani.

"Sikuliona," alisema. "Mwanzoni nilikuwa nasoma majina. Halafu nikaacha. Nilikuwa naangalia ile rangi ya kitufe tu."

"Edvina Kokushubila lilipita chini ya kidole chako."

"Lilipita."

"Na wewe ukalibonyeza."

"Nikalibonyeza, tata. Ningesema nini?"

Angemtukana ingekuwa nafuu. Lakini Kaijage alikuwa amechoka, na kile alichokuwa amekuja kukitafuta Bukoba, mtu wa kumkasirikia, kilikuwa kimekaa mbele yake na pua ya Kokushubila. Akaisukuma sahani.

"Na ungeliona?"

Joyness alifikiri kwa muda mrefu, na hilo angalau baba yake alilihesabu kuwa heshima. "Sijui. Tuliambiwa marehemu wafungwe. Sijui, tata."

"Haya."

"Naweza kujiandikisha mimi. Miti ile iwe kwa jina langu, niweke kidole. Gunia litapokelewa kabla msimu haujafungwa."

"Mtoto wa kike haandikwi kibanja."

"Mama aliandikwa."

Kaijage alinyanyuka akaenda dirishani. Hakukuwa na kitu cha kuangalia huko ila migomba ya mtu mwingine. "Yeye alipanda," alisema. "Wewe ulikuwa unakwepa kupalilia."

Alilala kitandani, binti akalala chini kwenye mkeka. Asubuhi, kabla hajapanda gari, Joyness alimpa nauli ikiwa imekunjwa ndogo. Kaijage aliikunjua mbele yake, akachukua ya kumfikisha Muleba, akamrudishia iliyobaki.

* * *

Wanawake walirudishwa. Si kwamba mtu alitubu. Penina na wenzake walikaa juu ya magunia yao katikati ya barabara ya kituo, lori la Shirika likashindwa kutoka na kahawa ya waume zao, na siku hiyo hiyo gari jeupe likaja kuchukua vidole. Mmoja mmoja waliwekwa. Penina alipotokea kwenye kishikwambi, na jina lake limekosewa herufi, alicheza pale pale kwenye tope. "Nimefufuka! Nani ana rubisi tunywe?"

Kisha kikaja kile kinachokuja siku zote. Ilitafutwa sababu ya mkanganyiko wa Muleba, ikapatikana. Ilikuwa Evarist. Barua yake ilisema ameshindwa kuendana na mabadiliko. Alikabidhi ufunguo kwa Najibu, akachukua kiti chake, maana kilikuwa chake mwenyewe, akaenda nacho nyumbani kichwani. Na kwenye mkutano mkuu Bwana Byabato alipewa ngao ya kioo kwa uongozi uliotukuka. Picha ilibandikwa ukutani kituoni. Pembeni yake, kwenye picha hiyo hiyo, kulikuwa na picha ndogo ya mkulima wa Muleba aliyebanwa na fulana, na maneno: MKULIMA AKIFURAHIA MFUMO.

Gunia dogo lilikaa nyumbani kwa Kaijage. Alilimwaga juani kila kulipokuwa na jua, akaligeuza kwa mkono, akachagua punje zilizoota ukungu. Jioni alilirudisha ndani akaliweka kwenye kiti kilichokuwa cha Kokushubila, kwa sababu sakafu ilikuwa na unyevu. Mara moja alijaribu kuita mwenyewe, huko kibanjani, akiwa peke yake. Aliita jina kwa sauti ya karani. Alisikia jinsi lilivyo jina la kitu kisichokuwepo, akanyamaza. Mtu hawezi kujiita na kujijibu. Lazima mmoja awe mwingine.

Penina alipita akaona kahawa imeanikwa. "Ta Kaijage, wanafunga Jumamosi. Itaoza hiyo. Ichanganye na yangu basi, nitakuletea fedha yako, Mungu ananiona."

"Wewe umefufuka, Ma Penina. Kaa na uzima wako."

"Umekuwa mkali siku hizi."

"Zamani nilikuwa na wa kunikataza."

* * *

Jumamosi Joyness alishuka kwenye gari la kwanza. Hakuwa na kitambulisho shingoni. Mkataba haukuongezwa, au hakuuomba uongezwe, hakusema, na baba yake hakuuliza. Alivua viatu uwanjani, akapita nyumba, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya kibanja. Kaijage alimwona kwa mbali amesimama kwenye kaburi, halafu ameinama kwenye miti. Alikuwa anaondoa machipukizi yanayonyonya shina, moja moja kwa mkono, vile mama yake alivyokuwa akiyaondoa. Alikaa huko mpaka mikono yake ikawa na utomvu mweusi.

Aliporudi alikuta baba yake amelifunga gunia kwenye baiskeli. Kitambaa chekundu alikuwa amekifunga upya.

"Kama unakuja, njoo," Kaijage alisema. "Wanafunga mchana."

Kituoni hakukuwa na foleni. Walikuwepo wachache wa mwisho mwisho, na Penina aliyekuja kuangalia tu. Evarist alikuwa amekaa ng'ambo ya barabara kwenye kiti chake, anauza karanga. Aliinua mkono. Kaijage aliinua wake.

Najibu aliwafahamu. Hakusema la kuudhi. Alikuwa amekonda, na fulana ya kijani ilikuwa imepauka. "Msajiliwa mpya?" aliuliza.

"Mpya," alisema Joyness.

"Jina?"

Joyness akamtazama baba yake. Kaijage alikuwa anatazama picha ya ukutani. Akasema bila kugeuka, "Andika lake. Asiandikwe uongo."

Najibu akaandika. Akauliza namba ya simu, Joyness akaitaja, yake mwenyewe. Akauliza ukubwa wa shamba, na hapo Kaijage ndiye aliyejibu, akataja miti ya chini ya kibanja mbele za watu, kama alivyoitaja zamani mbele ya ndugu zake, na Penina akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Gunia likapandishwa. Mizani ikatulia. Najibu akakisogeza kisanduku.

Joyness akaweka kidole juu ya kioo. Kilikuwa na utomvu, hakikusomeka. Akakifuta kwenye nguo yake, akakirudisha, akakibonyeza vizuri, si kwa nguvu.

Kaijage alivua kofia. Alisimama wima karibu na mizani, uso umeinuliwa kidogo, jinsi alivyosimama kila msimu akingoja. Ng'ambo ya barabara Evarist alimwona, akainuka kwenye kiti chake.

Kisanduku kikalia, mlio mfupi mmoja.

"Yupo kibanjani," alisema Kaijage.

Najibu akainua kichwa. "Nani, mzee?"

 Joyness alikuwa hajaondoa kidole. Najibu aliangalia kishikwambi chake, akaangalia saa, kisha akasema kile alichofundishwa kusema.

"Anayefuata."